Mfuko wa Maji wa Upper Tana-Nairobi: matuta nyota tano, bwawa nyota tatu

Maji ya bomba ya Nairobi karibu yote hutoka sehemu za juu za Mto Tana. Udongo wa mashamba ya Murang'a na Nyandarua ukisombwa na mvua, mtambo wa kusafisha maji wa Ng'ethu hulazimika kutumia shabu zaidi, dawa ya kutuliza tope, na mabwawa hujaa tope. Ndiyo sababu mfuko huu, ulioanzishwa 2015 ukiwa na kampuni ya maji ya jiji, kampuni ya kuzalisha umeme KenGen na mashirika ya uhifadhi, huwasaidia wakulima wa huko kuzuia mmomonyoko. Kwa mkaazi wa Nairobi mwenye ekari moja au mbili Gatanga au Kigumo huko Murang'a, msaada huu una faida, ila usingoje pesa mkononi. Utapata mafunzo, miche na msaada wa karatasi ya plastiki ya kutandika kwenye bwawa la kuvunia maji ya mvua shambani. Jembe ni lako.

Bwawa ndilo linalowavuta wengi, na ndilo linalowatia hasara. Chukua shimo la mita 10 kwa 6 juu, kina mita 2, kuta zikilala kwa nyuzi 45. Chini itabaki mita 6 kwa 2, na ujazo ni kama lita 66,000. Kibarua mmoja hutoa mita za ujazo 2 au 3 za udongo kwa siku, kwa hiyo weka bajeti ya siku 22 hadi 33 za kibarua. Karatasi ya unene wa milimita 0.5 iwe kama mita 13 kwa 9, ukihesabu kingo za kufukiwa kwenye mtaro pande zote nne. Kuta zikisimama wima, udongo hubomoka nyuma ya karatasi nayo hupasuka ikivutwa na uzito wa maji.

Halafu maji yenyewe. Paa la mita za mraba 100 kwa msimu wa mvua ya milimita 400 hutoa kama lita 32,000, yaani nusu tu ya bwawa. Lazima uvute pia maji ya barabarani, na hayo huja na matope: chimba shimo dogo la kunasa tope kabla ya kuingia, na njia ya kutolea maji yanayozidi iliyotandikwa mawe. Jua likikausha milimita 5 kwa siku, bwawa hupoteza lita 300. Usisahau ua, maana kuta za plastiki huteleza na mtoto akiingia hawezi kutoka peke yake. Gharama ya ua watu huikumbuka mwisho.

Kwenye matuta ya fanya juu ndipo mfuko unapofanya kazi bora. Mtaro wa sentimita 60 kwa 60, udongo ukirushwa upande wa juu, nyasi za nepia zikipandwa juu ya tuta. Mteremko wa asilimia 20 unataka tuta moja kila mita 10 hivi. Usipime kwa macho: tumia pima maji ya uzi na miti miwili, kwa sababu mtaro ukiinama kidogo tu maji yote hukimbilia sehemu moja na kuvunja tuta usiku mmoja. Nepia pia ni lishe, kwa hiyo mwenye ng'ombe hurudisha gharama mapema, bila kungoja udongo ujisawazishe.

Ukingoni mwa mto mambo ni mafupi: kanuni za maji zinataka ukanda usiopungua mita 6, na hapo panda miche ya asili au mianzi, si mihindi.

Udhaifu wa mpango, kwa maoni yetu, ni kwamba nguvu nyingi huenda kwenye kuanzisha. Karatasi ikitobolewa na panya baada ya miaka michache, kiraka ni cha mkulima. Mwenye kukodi shamba kwa mwaka mmoja asichimbe bwawa kabisa. Apande nepia kufuata kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko, akatie ng'ombe.