Rola ya juu ya uzio: mbwa wako hapati tena pa kushika!

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo simu na spika tumeziweka pembeni, tupo nje, hapa Kigamboni, mbele ya uzio wangu wa wavu. Nimefunga kitu ambacho kimenifurahisha mno, ingawa kuna sehemu yake moja imenikera, na nitawaonyesha zote mbili. Hii hapa. Rola ya uzio: bomba linalozunguka, unalifunga juu kabisa ya fensi. Vipimo vyake vimeandikwa kwenye boksi, sina haja ya kuwasomea. Twende kazini.

Kwanza muelewe mbwa anatorokaje. Wengi wanadhani anaupita uzio hewani bila kuugusa. Wapo wanaoweza, lakini mbwa wengi hawapiti hivyo. Anaruka, miguu ya mbele inadaka ukingo wa juu, ya nyuma inakwangua wavu ikimsukuma, kifua kikishavuka tu, kaenda. Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye ule ukingo. Mnyime pa kushika, anarudi chini, ndani ya uwanja wako.

Mdogo wangu, sogeza kamera hapa juu. Karibu zaidi. Haya, naweka viganja viwili, ndiyo miguu yake ya mbele. Navuta. Mmeona? Bomba limezunguka, mikono imerudi kwangu. Navuta kwa nguvu sasa. Limezunguka tena! Ngoja nilaze mkono mzima mpaka kwenye kiwiko, maana kuna mbwa wanaojaribu kuning'inia hivi. Nateleza. Sikilizeni, hata kelele halina. Hapa nimelipenda kwa moyo wote, kwa sababu halimuumizi mnyama. Juu ya kuta zetu tumezoea kuchomeka vipande vya chupa. Mwizi anatupia gunia anapita, mbwa ndiye anayechanika nyayo. Hapa hakuna ncha, hakuna umeme, hakuna damu.

Bosko, njoo! Njoo baba. Anaangalia kule kwa jirani, kuna jike yuko kwenye joto, ndiyo maana wiki hii hatulii. Haya anakimbia... karuka, kadaka, limezunguka, yuko chini! Anarudia. Chini tena. Safi kijana wangu, chukua mfupa wako.

Na hapo hapo niseme, kama dume lako halizalishi, mwite daktari wa mifugo alihasi. Rola inamzuia asipite, haimwondolei sababu ya kutaka kupita.

Sasa linaloniudhi. Mdogo wangu, leta kamera hapa kwenye maungio. Kipande cha kwanza kinaishia hapa, cha pili kinaanzia hapa, katikati kuna kibano cha chuma, na kibano hakizunguki! Nafasi ni vidole vinne. Naweka kiganja. Navuta. Nimeshika imara kabisa, naweza kujiinua. Hivi aliyebuni kitu hiki aliwahi kumtazama mbwa akifanya kazi? Mbwa mwenye hamu atapapasa uzio wote mpaka apaone. Na seti ya mita 6 ni shilingi 180,000! Kwa pesa hiyo sikubali kuuziwa ngazi katikati ya kinga.

Ndiyo maana upande ule wa nyuma nimetengeneza ya kwangu, na nawaambia bila kusita, naipenda zaidi. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua bomba la plastiki la inchi 3 na jingine jembamba la inchi 1. Jembamba linaingia ndani ya nene, ndani ya jembamba unapitisha waya wa chuma usioshika kutu, unaukaza nguzo hadi nguzo mpaka usilegee. Bomba la nje linazunguka lenyewe. Imenigharimu chini ya nusu ya ile seti. Huku pwani usichukue waya wa kawaida, chumvi ya bahari itaula. Na bomba lipake rangi, jua kali linalifanya plastiki ikauke na kupasuka.

Najua mtaniuliza habari za kola ya umeme, ile inayompiga shoti akisogelea mpaka. Siitaki. Mbwa akiwa na kasi anapokea shoti moja na kupita, halafu anaogopa kurudi ndani kwa sababu anajua shoti inamsubiri. Wales waliipiga marufuku tangu mwaka 2010.

Rola haisaidii kitu kwa mbwa anayechimba. Huyo mlazie wavu chini ya udongo upande wa ndani, upana kama sentimita 60, uungane na uzio, halafu fukia. Akichimba kando ya fensi anakutana na chuma. Tazameni na geti pia. Geti lenye nondo za mlalo ni ngazi tosha, funika kwa bati laini.

Msione nashikilia sana jambo hili. Mbwa akizurura anaweza kung'atwa na mbwa mwenye kichaa cha mbwa, na binadamu karibu wote wanaokufa kwa kichaa wamekipata kwa mbwa. Chanjo ya kila mwaka iko pale pale, uzio mzuri haumwondolei sindano.

Habari za chaneli: kuanzia sasa video zinatoka Alhamisi jioni badala ya Jumamosi, na inayofuata ni vile vifaa vya kola vinavyokuonyesha mbwa alipo kwenye simu. Jiunge, bonyeza kengele. Niandikie chini uzio wako ni wa nini, wavu, ukuta au michongoma, na una urefu gani, nikwambie bomba la inchi ngapi linakufaa. Bosko, teremka hapo kwenye ndoo!