Kompaila ya kuandikia mfumo endeshi: nimetumia GCC na Clang, haya ndo niliyokutana nayo

Nina miaka miwili naandika keneli yangu (kiini cha mfumo endeshi) mdogo mdogo, ya prosesa za x86-64, usiku nikishatoka kazini. Naulizwa sana kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine) ipi inafaa, so naandika hapa uzoefu wangu.

Nilianza na GCC ile ile iliyokuja na Ubuntu. Nakushauri usipite njia hiyo. Ile imeandaliwa ikijua programu yako itakaa juu ya Linux, inakuwekea vitu vyake kimya kimya, mimi linka (inayounganisha vipande vya programu) ilikua inagoma tu inasema `__stack_chk_fail`, fankisheni ya kulinda steki, haioni, na itaionaje wakati huku chini hakuna maktaba ya C wala nini, keneli ndo mwanzo wa kila kitu. Unazima kwa `-fno-stack-protector`, unapita, kesho unakutana na PIE (programu kuandaliwa iweze kukaa popote kwenye memori).

Ndo nikajenga GCC yangu ya `x86_64-elf`, isiyodhani kuna Linux chini, binutils (linka na wenzake) kwanza halafu GCC yenyewe. Laptopu yangu ina RAM GB 4, ilichemka jioni nzima, na mara ya kwanza umeme ulikatika katikati betri nayo ikaisha, nikafuta nikaanza upya. Ila ikishakaa imekaa, nilifanya nayo kazi mwaka mzima.

Baadae nikajaribu Clang na kusema kweli sijarudi nyuma. Hujengi kitu, Clang moja inatoa kodi za prosesa kibao, unaiandikia `--target=x86_64-elf`, unalinki na lld (linka inayoendana na Clang), imeisha hiyo. Na sio kitu cha majaribio, FreeBSD (mfumo endeshi mwingine) walihamia huko kuanzia toleo la 10 mwaka 2014, hata Linux iliyokua na GCC tangu 1991 siku hizi inakompailika na Clang.

Sasa kuna kitu kimoja kompaila zote mbili zitakuumiza nacho usipojua, mimi kimenila wiki mbili. Nilikua na fankisheni ndogo ya kuhesabu, inafanya kazi vizuri, halafu ghafla hesabu inageuka 0x202. Sio kila mara, mara moja moja tu, na nikizima taima (saa inayoikatiza prosesa kila baada ya muda) tatizo linapotea. Nikawasha QEMU (kompyuta ya kuigiza) na `-s -S`, nikaunganisha GDB (programu ya kusaka makosa) poti 1234, nikasimamisha kwenye intarapti (mkatizo) ya taima nikaangalia steki (memori ya vitu vya muda vya fankisheni). Ile 0x202 ni rejista ya flagi, yaani hali ya prosesa! Kumbe kwa kanuni za x86-64 kompaila inaruhusiwa kutumia baiti 128 chini ya kichwa cha steki (ndo red zone) bila kukisogeza, ikijua hakuna atakayezigusa, ila intarapti ikija ndani ya keneli prosesa inasukuma vitu vyake vitano palepale, inafuta vya kwako. Dawa ni `-mno-red-zone`, neno moja tu kwenye Makefile (faili la maelekezo ya kujengea keneli).

Kwahiyo kama una muda wa kujifunza kifaa kimoja vizuri, uwe QEMU na GDB kabla ya kubishana kuhusu kompaila. Weka na `-d int -no-reboot`, keneli ikianguka utaona intarapti ya mwisho badala ya mashine kujiwasha upya bila maelezo.

GCC yangu sijaifuta, kila wikiendi nakompaili nayo keneli nzima mara moja, kwasababu wiki iliyopita tu imenionyesha kosa la variabo ambalo Clang iliniachia nipite nalo.