ddrescue na PhotoRec zimenirudishia picha za mama
Diski ya kompyuta iligoma ghafla, folda hazifunguki, na humo ndo kuna picha zote za marehemu mama, nilichanganyikiwa jamani. Nikatumia ddrescue, programu ya bure kabisa ya kuokoa data, inakopi kwanza sehemu nzima za diski kwenda diski nyingine halafu ndo inarudia zile mbovu, na ukiiwekea faili la kumbukumbu hata umeme ukikatika inaendelea ilipoishia. Ilichukua siku mbili. Kisha nikapitisha PhotoRec, programu ya kutafuta picha na mafaili yaliyopotea, kwenye ile kopi, picha karibu zote zimerudi ila majina ya mafaili yamepotea, kuzipanga upya ni kazi kweli. ddrescue yenyewe haina vitufe, unaandika amri tu, so kuwa makini usichanganye diski mbovu na nzima utafuta kila kitu. Na kama diski inagongagonga izime, mpe fundi.