Uzoefu wangu na mbolea ya nano ya chupa: haijaziba pengo la mfuko wa urea

Nalima mahindi Mbozi, mkoani Songwe. Msimu uliopita nilinunua mbolea ya maji ya nano, yaani ya chembe ndogo mno, chupa ya nusu lita, kwenye duka la pembejeo. Muuzaji aliniambia, "Kaka, ukipulizia hii, mfuko wa kukuzia hununui tena." Kwa mtu anayelipa bodaboda kufikisha mifuko shambani, ahadi hiyo si ndogo. Nikatenga vipande viwili vya nusu eka, vyote vimepandiwa mbolea ya kupandia ya DAP siku moja. Kimoja nikakikuzia kwa urea kama kawaida, kingine nikakipulizia chupa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo.

Mwanzoni majani yalikolea kijani, nikapata matumaini. Mahindi yalipofika kiunoni mambo yakageuka. Majani ya chini yalianza njano kwenye ncha, njano ikaingia ndani kufuata mshipa wa katikati mpaka ikachora umbo la V, kingo zikabaki kijani. Hiyo ni njaa ya naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, haina mjadala: mmea unayanyang'anya majani ya chini ili ulishe ya juu. Upande wa urea majani yalikuwa mazima mpaka mbelewele zinatoka. Mavuno: magunia 10 kwa urea, 6 kwa chupa.

Sababu iko kwenye lebo yenyewe. Naitrojeni asilimia 4, yaani nusu lita ina gramu 20 hivi. Mfuko wa urea wa kilo 50 una asilimia 46, ambayo ni kilo 23. Wauzaji wanasema urea ya kawaida nyingi hupotea hewani au huoshwa na mvua, na ni kweli kabisa. Lakini kilo moja tu ya punje za mahindi hubeba naitrojeni ya gramu 14 hivi. Hata gramu zote 20 zikiingia kwenye jani, zitajaza debe gani?

India wamepitia haya. Ushirika wa IFFCO ulianza kuuza urea ya nano mwaka 2021, chupa ya nusu lita badala ya mfuko wa kilo 45 (yangu ni ya kampuni nyingine). Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab kilipoijaribu kwenye ngano na mpunga badala ya sehemu ya urea ya kawaida, mavuno yalishuka.

Hata hivyo sisemi teknolojia yote itupwe. Mwaka 2017 wanasayansi wa Sri Lanka walieleza urea waliyoishikiza kwenye chembe ndogo mno za madini yale yaliyomo kwenye mifupa na meno. Inaachia naitrojeni polepole, na kwenye majaribio ya mpunga walipunguza urea kwa nusu. Hiyo naisubiri kwa hamu. Zinki nayo mahindi huhitaji kidogo sana, kwa hiyo kuipulizia kwenye majani kunaingia akilini.

Kinachoniuma zaidi ni usalama. Neno NANO limeandikwa kwa herufi kubwa, lakini ukubwa wa chembe haupo, wala zimefunikwa kwa kitu gani, wala mpuliziaji avae nini. Unywele mmoja una unene wa nanomita zipatazo 80,000 (milimita moja ina nanomita milioni moja); chembe ndogo kuliko hapo mara mamia zikiwa kwenye ukungu wa bomba zinaweza kufika ndani kabisa ya mapafu, na vijana wetu wanapulizia wakiwa wamefunga kitambaa tu puani. Kuna na bidhaa zenye chembe za nano za fedha, ambazo kazi yake ni kuua bakteria. Zikimwagika udongoni haziwaruki bakteria wenye faida wanaoishi kwenye vifundo vya mizizi ya maharage na kuyapatia naitrojeni, na sisi tunachanganya maharage na mahindi.

Naipa nyota 2 kati ya 5, kama nyongeza tu. Ukionyeshwa chupa dukani, soma kwanza asilimia ya naitrojeni, kisha uliza kama imesajiliwa TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea nchini Tanzania. Na mfuko wa ruzuku usiuache.