Kodi ya Jengo kwa LUKU na Ada ya Taka Moshi: Nafuu, Lakini kwa Nani?

Ninatathmini hapa malipo mawili ambayo mkazi wa Manispaa ya Moshi hayakwepi: ada ya kuzoa taka na kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia.

Nianze na taka, kwa kuwa hapo sina manung'uniko mengi. Moshi imetunukiwa mara kadhaa kwa usafi katika mashindano ya kitaifa, na anayepita mnara wa saa asubuhi na mapema haoni sababu ya kubishana na majaji. Karatasi ikitupwa ovyo, wapita njia hukemea kabla hata mgambo hajafika. Mlipaji anaona fedha yake inakokwenda, na nadhani hiyo ndiyo sababu ada hii hailalamikiwi sana vibarazani.

Kodi ya jengo ni habari nyingine. Kwa wepesi wa kulipa, naipa alama zote, kwani hakuna foleni, hakuna hati ya madai ya kusubiri, wala safari ya kwenda ofisini. Kiwango chenyewe kilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Mwaka 2023 kikapandishwa kuwa 1,500 na 7,500. Shilingi 18,000 kwa mwaka haziwezi kumtikisa mwenye nyumba ya kupangisha.

Tatizo ni kwamba anayenunua umeme mara nyingi siye mwenye nyumba. Kisheria mdaiwa ni mmiliki, lakini mita haimjui mmiliki. Inamjua aliyeshika simu na kuingiza tokeni. Mpangaji anayenunua umeme wa shilingi 5,000 mwanzoni mwa mwezi hukatwa kwanza 1,500, kisha kinachobaki kinatozwa VAT pamoja na makato ya REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), ndipo apate uniti zake. Akihamia chumba kilichokaa kitupu kwa miezi kadhaa, hukuta malimbikizo ya miezi ambayo hakuishi humo. Yapo maelezo kwamba fedha hiyo ifidiwe kwenye kodi ya pango, ila ni wapangaji wangapi wenye ubavu wa kumdai baba mwenye nyumba shilingi 1,500?

Lipo pia suala la kiwango kimoja kwa wote. Nyumba ya vyumba viwili kule Pasua na jumba la kifahari la Shanty Town, maadamu halina ghorofa, hulipa sawasawa. Wanaotetea utaratibu huu husema uthamini wa majengo ni ghali na huzua migogoro, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, unafuu unaomgusa zaidi tajiri kuliko fundi cherehani siuiti unafuu kamili.

Kwa jumla natoa nyota nne kwa usafi na tatu kwa kodi ya LUKU. Wapangaji wahakikishe mkataba unataja nani analipa, na waulizie deni la mita kabla ya kupokea funguo. Wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi, pamoja na watu wenye ulemavu, ambao hawana kipato wana msamaha kwa nyumba moja wanayoishi, lakini mita haiwezi kubahatisha umri wa mtu, hivyo ni lazima taarifa zao zifikishwe kwa mamlaka inayosimamia kodi hiyo.