Kikausha Upepo cha Bendix AD-9 Kwenye Basi Kuukuu Lililogeuzwa Nyumba

Bendix AD-9 ni kikausha upepo kizuri, yaani kifaa cha kuondoa unyevu kwenye upepo uliobanwa unaoendesha breki za basi, na mwenye basi kuukuu lisilo na kikausha chochote hatajuta kukinunua. Tatizo ni kwamba wengi hukinunua kwa sababu isiyo yake. Basi hupoteza upepo usiku, mshale wa geji hupanda polepole asubuhi, au basi huinamia upande mmoja likiwa limeegeshwa, ndipo mwenye basi huagiza kikausha akitumaini kwamba kitayaponya yote hayo. Tathmini hii inatokana na kukifunga kwenye MCI MC-9 la miaka ya 1980, basi lililobeba abiria huku Marekani kwa miaka mingi kabla ya kung'olewa viti na kuwekewa vitanda, jiko na choo.

Kompresa husukuma upepo wenye joto, unyevu na ukungu wa mafuta. Upepo huo usipokaushwa, maji hutuama kwenye mitungi ya kuhifadhi upepo, hula chuma kwa ndani, huharibu mipira ya valvu na, wakati wa baridi kali, huganda ndani ya mabomba na kuziba njia ya breki. AD-9 hukaa kati ya kompresa na mtungi wa kwanza. Upepo hupita katikati ya punje zinazofyonza unyevu, kisha gavana, yaani valvu inayoiamuru kompresa iache kusukuma upepo ukitosha, inapoikatiza kompresa, valvu iliyo chini ya kikausha hufunguka kwa kishindo na kutupa nje maji na uchafu, huku sehemu ndogo ya upepo mkavu ikirudi polepole kupitia punje hizo ili kuzikausha kwa mzunguko unaofuata. Kazi yake ni hiyo tu. Kikausha hakizibi mvujo wowote, wala hakirudishi nguvu za kompresa iliyochoka.

Kwa hiyo nasisitiza kwamba vipimo vitangulie ununuzi. Liegeshe basi mahali tambarare, kinga magurudumu kwa vizuizi imara, jaza upepo hadi gavana ikatize, kisha zima injini na uachie breki ya maegesho. Viwango vinavyofundishwa madereva wa magari makubwa Marekani ni kwamba gari lisilo na tela lisipoteze zaidi ya psi 2 (psi ni kipimo cha Marekani cha shinikizo la upepo) kwa dakika moja, na pedali ikikanyagwa na kushikiliwa, baada ya ule mshuko wa kwanza, lisipoteze zaidi ya psi 3 kwa dakika. Upepo upande kutoka psi 85 hadi 100 ndani ya sekunde 45 kwa mfumo wenye njia mbili za breki. Gavana ya mabasi ya rika hili kwa kawaida hukatiza karibu na psi 120 na kurudisha kazi karibu na psi 100. Msomaji aliyezoea geji za Scania za nyumbani Afrika Mashariki anaweza kuzihesabu hizo kama bar 8.3 na bar 6.9. Vipimo hivi havihitaji kifaa chochote zaidi ya geji za dereva na saa, na kwa mawazo yangu fundi anayependekeza kubadilisha vifaa kabla ya kuvifanya hastahili kulipwa.

Mvujo ukiwa mkubwa, kazi ya kwanza ni kuutafuta, na hapa ndipo basi lililogeuzwa nyumba linapotofautiana na basi la abiria. Kila aliyelimiliki ameongeza kitu: honi ya upepo, mlango wa choo unaosukumwa kwa upepo, valvu za kusawazisha basi likiegeshwa. Mara nyingi vitu hivyo vimeunganishwa moja kwa moja kwenye mtungi wa breki bila valvu ya kuulinda, na mabomba yake yamepita chini ya vitanda au nyuma ya kabati. Mvujo wa mlango wa choo hauna ruhusa ya kumaliza upepo wa breki. Nyongeza zote zinapaswa kuchukua upepo kwenye mtungi wa vifaa vya ziada, nyuma ya valvu inayofunga wakati upepo wa breki ukishuka. Nyongeza ambayo hakuna anayejua kazi yake iondolewe na njia yake izibwe kabisa.

Njia iliyo bora ya kusikiliza ni kulijaza basi kwa kompresa ya gereji kupitia kiungio cha nje, injini ikiwa imezimwa, kwa sababu muungurumo wa injini ya dizeli ya Detroit huficha kila mlio. Halafu pita na maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kila valvu ya urefu (inayorekebisha kimo cha basi) na kila mpira wa upepo unaobeba basi. Onyo moja litiiwe bila mjadala: usiingie chini ya basi linalobebwa na mipira ya upepo kabla halijashikiliwa na stendi za chuma au magogo imara kwenye fremu. Mpira ukipasuka au bomba likichomoka, basi hushuka papo hapo, na nafasi inayobaki haimtoshi mtu. Vilevile chemba ya breki yenye springi isifunguliwe na mtu asiye na ujuzi huo, kwani springi iliyobanwa ndani yake inaweza kuua.

Basi likishafaulu vipimo, AD-9 hufungwa bila shida kubwa. Matundu yake yameandikwa SUP kwa upepo unaotoka kwenye kompresa, DEL kwa unaoelekea mtungini na CON kwa bomba la gavana. Kisimamishwe wima, valvu ya kutupa maji ikitazama chini, mbali na bomba la moshi, na bomba linalotoka kwenye kompresa liwe na mteremko usio na mahali pa kutuamisha maji. Lawama yangu kubwa ni matengenezo. Toleo hili la zamani halina katriji ya kufungua kwa mkono kama chujio la mafuta. Punje zimo ndani ya ganda lililofungwa kwa boliti nyingi kuzunguka mdomo wake, na kuzibadilisha kwa utulivu humaanisha kukishusha kifaa chote hadi mezani. Toleo la baadaye, AD-9si, lina katriji ya kuzungusha, na anayeanza upya ningemshauri alitazame hilo kwanza. Vilivyokarabatiwa vinapatikana kwa bei nafuu kuliko vipya, kwa sharti la kurudisha cha zamani.

Kizuri zaidi ni kwamba kikausha hiki kinasema kinachokisumbua. Upepo ukivuja mfululizo kwenye tundu la chini wakati kompresa inasukuma, valvu ya kutupa maji imeshikwa na uchafu, au gavana inapitisha upepo isipopaswa. Kompresa ikikatizwa na mvujo huo ukaendelea zaidi ya nusu dakika, shuku kwanza valvu ya kuzuia upepo usirudi, iliyo upande wa DEL. Kishindo kikirudiarudia kila baada ya muda mfupi huku breki hazitumiki, tazama valvu hiyo hiyo, gavana na mvujo mtungini kabla ya kulaumu punje.

Fungua pia koki za mitungi siku za mwanzo na utazame kinachotoka. Maji kidogo yanaweza kuwa mabaki ya zamani. Uji mweupe wenye mafuta ni habari nyingine: kompresa inapitisha mafuta, na punje zikishapakwa mafuta hupoteza uwezo wa kufyonza unyevu. Kuweka punje mpya kwenye basi lenye kompresa ya namna hiyo ni kutupa fedha. Kompresa itengenezwe kwanza.

Kuhusu baridi, AD-9 ina hita ndogo chini yake inayowaka joto likishuka karibu nyuzi 10 za Selsiasi na kuzimika karibu nyuzi 32, ili valvu ya kutupa maji isigande. Mabasi mengi ya MCI ya kizazi hiki yana umeme wa volti 24, ilhali vikausha vinavyouzwa kwa wingi vina hita ya volti 12, kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kulipa. Waya wake upite kwenye fyuzi na upate umeme pale tu swichi ya injini inapowashwa, na usiunganishwe kwenye betri za nyumba, maana hita itakunywa umeme huo usiku kucha wakati basi limeegeshwa na kompresa haifanyi kazi yoyote.