Uzoefu wangu: huduma ya singo kwa bibi harusi, Unguja

Niliolewa mfunguo mosi uliopita, mwezi unaofuata Ramadhani, nyumbani kwetu Unguja, na katika yote tuliyoyalipia kwa ajili ya harusi ile, kuanzia ukumbi hadi biriani, sioni fedha iliyotumika vizuri kuliko ile iliyokwenda kwa somo aliyenisinga. Naandika haya kwa ajili ya wasichana wa rika langu, hasa sisi tunaofanya kazi Dar es Salaam, ambao tunazidi kuiacha huduma hii na kununua vifurushi vya saluni kwa kudhani kwamba singo ilikwisha zamani na bibi zetu.

Kwa asiyeijua, singo ni mchanganyiko wa maua, viungo na miti ya kunukia, uliokaushwa na kusagwa, ambao bibi harusi husuguliwa mwili mzima kwa siku kadhaa kabla ya harusi akiwa amewekwa ndani. Mwenye kazi hiyo ni somo, ambaye pia humfundisha mwali mambo ya nyumba, ingawa sehemu hiyo ya mafunzo sitaigusa hapa kwa kuwa ni ya chumbani. Huduma niliyoichukua ilijumuisha kusingwa kwa wiki nzima, kupakwa liwa (mti wa kunukia) usoni, kufukizwa udi, kuchorwa hina na kuvishwa kikuba cha maua siku ya harusi. Bei yake ilikuwa shilingi 350,000, pamoja na doti ya kanga ambayo kwa desturi humwendea somo kama kilemba chake.

Saluni moja niliyoiulizia Dar es Salaam ilitaka karibu mara mbili ya fedha hizo kwa kazi ya siku mbili. Nilipouliza kuna nini ndani ya krimu watakayonipaka usoni, nilijibiwa kuwa ni mchanganyiko wao wenyewe, na kopo halikuwa na maandishi yoyote. Jibu hilo lilinitosha kuondoka. Krimu za kung'arisha uso zisizoonyesha viambato ndimo hujificha zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, na zebaki hupenya kwenye ngozi ikafika kwenye figo na kuziharibu. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliviweka vipodozi vya zebaki miongoni mwa bidhaa zinazopaswa kuondolewa sokoni. Mtu anayeukabidhi uso wake siku chache kabla ya harusi ana haki ya kujua anapakwa nini.

Somo wetu, ambaye ni bi mkubwa mwenye kusinga maharusi tangu mama yangu akiwa msichana, alinionyesha kila kitu. Alifika na kapu la ukili, akavitandaza vitu vyake juu ya mkeka, kila kimoja katika kifuko chake, kisha akaniambia, "Nusa kimoja kimoja mwanangu, na kinachokukera kiseme sasa hivi, nisije nikakutia adabu wiki nzima kwa harufu usiyoipenda." Palikuwa na asumini na mawaridi yaliyokaushwa kivulini, kwa sababu jua kali huiondoa harufu yote na kuacha majani matupu, palikuwa na langilangi, majani ya mrehani, karafuu kutoka Pemba, vipande vya liwa na manjano kidogo. Palikuwa pia na mchele uliorowekwa, ukaanikwa na kusagwa, ambao watu wengi hawaujui kuwa ndio unaoipa singo ule ukwaruzo mwororo wa kuondoa ngozi iliyokufa. Vyote alivitwanga kinuni mbele yetu, akavichekecha mara kadhaa hadi ukabaki unga ambao hauumizi hata ukiupitisha chini ya jicho, akauhifadhi mkavu. Kila siku alichota unga wa siku hiyo tu na kuulowesha kwa marashi, kwa maana singo iliyokwisha kuloweshwa ikilala huchacha.

Marashi yenyewe yalitoka kwa mama mdogo anayeishi Maskati, ambaye hutuletea yale yanayokenekwa Jabal Akhdar huko Omani, kwenye mashamba ya mawaridi ya mlimani yanayochanua kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei. Marashi hayo yana rangi ya kahawia na harufu yenye moshi kidogo, kwa kuwa hukenekwa juu ya majiko ya udongo kwa namna ya kienyeji, na si laini kama yale meupe ya dukani. Somo aliyapenda sana, lakini aliniambia wazi kwamba marashi ya dukani pia hufanya kazi, mradi yawe ya waridi kweli na si maji yaliyotiwa manukato ya kiwandani.

Kabla ya kunigusa popote alinipaka singo kidogo upande wa ndani wa mkono, akaniacha hadi siku ya pili. Hatua hii naitilia mkazo, kwa sababu karafuu ina mafuta makali, na ngozi nyepesi, au iliyotoka kunyolewa, huwaka moto ikikutana nayo. Kwangu hapakuwa na tatizo. Angeona wekundu, alisema, angepunguza karafuu na kuongeza mchele na tui la nazi.

Kusingwa kwenyewe ni kazi ya mikono na ya subira. Nililala juu ya mkeka nikiwa nimejifunga kanga kuukuu, naye akaanza nyayoni na kupanda juu taratibu, akisugua kwa mviringo hadi singo ikakauka juu ya ngozi na kuanza kudondoka yenyewe, kisha nikaoga maji ya vuguvugu bila sabuni. Siku ya kwanza sikuona tofauti yoyote ila harufu. Kufikia katikati ya wiki, visigino, viwiko na magoti, sehemu ambazo nilikuwa nimezizoea kuwa kavu miaka yote, vilikuwa laini kiasi kwamba dada yangu aliomba naye asingwe miguu. Mgongo, ambao mtu hawezi kuufikia mwenyewe, ndio uliobadilika zaidi. Niseme pia kile ambacho singo haikufanya: haikunibadilisha rangi. Nilibaki maji ya kunde kama nilivyozaliwa, ila ngozi ilikuwa safi na yenye uhai, na ndicho nilichokitaka. Anayeahidiwa weupe kwa jina la singo ajue kwamba kilichotiwa humo si maua peke yake.

Uso ulikuwa na utaratibu wake. Somo alikisugua kipande cha liwa juu ya jiwe lenye marashi hadi yakatoka maji mazito, akanipaka, nikakaa nayo hadi ikakauka na kuvutavuta ngozi. Liwa inapoza. Kwa joto la Unguja, na kwa kichwa kilichojaa hesabu za wageni na ugomvi mdogo mdogo wa ndugu ambao kila harusi huwa nao, ile nusu saa ya kulala na liwa usoni ilikuwa mapumziko yangu pekee ya kutwa, na mpaka leo naithamini kuliko kitu chochote kingine katika huduma ile.

Kwenye hina naomba kuwa mkali. Mtoto wa mama yangu mdogo, binti mdogo kwangu, alichorwa piko, ile rangi nyeusi inayochorwa kama hina, kwenye harusi nyingine ya ukoo wetu, na maua yaliyochorwa mkononi yakageuka malengelenge yaliyofuata mchoro ule ule, jani kwa jani. Alama zake bado zinaonekana. Muhina hauna hatia katika jambo hili: majani yake hutoa rangi inayoanza kama ya chungwa na kukolea hadi nyekundu iliyoiva au kahawia baada ya siku moja au mbili, wala hayajapata kutoa rangi nyeusi tii. Weusi wa piko hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali inayoitwa parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD, ambayo katika nchi za Umoja wa Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi za nywele, isizidi asilimia 2, na hairuhusiwi kabisa kupakwa juu ya ngozi. Aliyewahi kudhurika nayo mara moja anaweza kudhurika vibaya zaidi akiigusa tena, hata kwa kupaka rangi nywele zake miaka mingi baadaye, kwa sababu mwili huwa umekwisha kuikataa moja kwa moja.

Somo wetu hachori piko, na hilo ndilo lililonifanya nimchague. Hina yake aliichekecha kwa kitambaa chepesi, akaikanda kwa maji ya ndimu na sukari kidogo, akaiacha ilale hadi ikaumuka na kutoa rangi, kisha mpwa wake mwenye mkono mwepesi ndiye aliyechora. Njia ya kuitambua hina halisi ni rahisi: uji wake huwa wa kijani kibichi kinachoelekea kahawia na hunuka majani, na ukibanduliwa huacha rangi ya chungwa. Uji mweusi, au unaoacha weusi ndani ya saa moja, uachwe. Nilikaa nao usiku kucha bila kugusa maji, na asubuhi ya harusi rangi ilikuwa imekoza vizuri kwenye viganja na nyayo, ambako ngozi ni nene, na kuwa hafifu kidogo nyuma ya mikono. Wapo wageni waliouliza kwa nini sikuweka weusi. Nilipowaonyesha mkono wa mdogo wangu waliacha kuuliza.

Jambo lingine ambalo somo alilisimamia bila kubembelezwa ni watoto wachanga. Shangazi mmoja alitaka mjukuu wake apakwe hina nyayo zote kwa furaha ya harusi, naye akakataa. Hospitalini pia wangemuunga mkono, kwa maana watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo adimu kwa watu wa maeneo ya malaria kama pwani yetu, wanaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu kwa kupakwa hina mwilini.

Udi na kikuba sina mengi ya kuvisema ila sifa. Udi ulikuwa wa kupikwa na sukari, uliofukizwa kwenye chetezo chini ya nguo zangu na nywele zikiwa zimelegezwa, na nguo nilizofunga sandukuni bado zinanukia. Mwenye pumu atoke chumbani wakati huo, kama bibi yangu alivyofanya. Kikuba cha asumini, rihani na kilua kilifungwa jioni ile ile, kwa sababu vitumba vya asumini huchumwa vikiwa vimefumba na kufunguka usiku, na harufu yake ilikuwa ikizidi kadiri sherehe ilivyokuwa ikiendelea.

Kasoro zipo. Somo anachelewa, na msimu wa harusi ukifika anachelewa zaidi, kwa kuwa anawahudumia maharusi kadhaa kwa wakati mmoja. Kuna siku alikuja baada ya alasiri wakati tulimtarajia asubuhi, na ratiba nzima ya nyumba ikasogea. Hatoi risiti, hivyo makubaliano yote yalikuwa ya mdomo mbele ya mama na shangazi, na napendekeza wengine nao wafanye hivyo mbele ya mashahidi. Manjano hutia doa lisilotoka, basi shuka nzuri zifichwe. Zaidi ya yote, huduma hii inadai muda: lazima mtu apate likizo ya wiki, awe na chumba chenye faragha, na awe tayari kukaa ndani. Kwa mwenye harusi ya haraka au anayeishi nyumba ya kupanga yenye choo cha pamoja, hilo ni gumu, na sitamlaumu akichukua singo ya siku mbili tatu tu, ambayo somo wengi hukubali kwa bei pungufu.

Upande wa fedha, niliilipia kwa mchezo wa ofisini, ule wa kuchangishana fedha na kupokea kwa zamu. Tulipokuwa tunapanga zamu niliomba kwa kijumbe, msimamizi wa mchezo, zamu yangu iangukie mwezi wa Shaabani, na wenzangu wakakubali kwa sababu kila mmoja ana yake ya kuomba: kuna wa ada za shule na kuna wa bati. Kwa njia hiyo sikumpunguzia baba hata shilingi katika fedha za ukumbi, wala sikukopa.

Tangu harusi nimebaki na kopo la singo kavu ambayo somo aliniachia, na huitumia mwishoni mwa mwezi kwa kuilowesha na marashi kidogo. Nimeshamwagiza kopo jingine kwa ajili ya mama mdogo wa Maskati. Anayetaka kuhudumiwa mfunguo mosi ujao azungumze na somo wake kabla ya Ramadhani kuandama, amuulize kwanza kama anachora piko, na atoe mapema malipo ya awali ya siku anazozitaka, kwa sababu zikishaanza kutangazwa tarehe za harusi misikitini, somo mzuri hapatikani tena.